Pete Ukutani

Mtu akikwambia kwamba ndani ya picha ya mbavu zako mna fedha, utamwambia aende nyumbani akalale. Ndivyo Kiragu wa Kawangware alivyomwambia Phanuel, na alimwambia kwa sauti ya mwenye ploti, ile isiyohitaji kipaza sauti.

Kiragu alikuwa na jengo la ghorofa, na chini yake palikuwa na kliniki. Kliniki ikahama, ikanunua mashine za kisasa zinazoonyesha mifupa kwenye kompyuta, ikaacha stoo nzima imejaa filamu za eksirei za miaka na mikaka. Daktari alisema majina yafutwe kwanza, kisha filamu zitupwe mtu anavyojua. Kiragu hakujua. Kila aliyekuja kutaka kupanga ile stoo alichungulia ndani, akaona mafuvu na mapaja yamerundikwa hadi darini, akakumbuka kwamba ana shughuli mahali pengine.

"Wewe toa hizi mifupa kwa nyumba yangu," Kiragu alisema. "Na ukipata silva huko ndani, mimi mwenyewe nitakuletea mbuzi ya harusi. Nitaivuta na kamba kutoka hapa mpaka Kianda, watu wakiniangalia."

"Umesema, mzee."

"Nimesema. Na sitavuta kitu."

Phanuel alicheka tu. Alikuwa fundi wa mapambo, mtu wa kugeuza bomba la zamani likawa hereni na kufuli bovu likawa bangili. Sonara aliyemfundisha kazi ndiye aliyemwonyesha siri ya filamu: ule weusi wake ni fedha, fedha halisi, imepakwa nyembamba kuliko utando wa chai. Filamu moja haikupi hata kitu cha kubandika kwenye sikio la kuku. Lakini stoo nzima ni habari nyingine.

Na pete alizihitaji kweli. Yeye na Mideva walikuwa wamekaa pamoja mtaani Kianda tangu enzi ambazo Mideva aliweza kuruka mtaro bila kushika sketi. Wazee wa pande zote mbili walishakula, wakashiba, wakakubaliana. Kilichobaki kilikuwa kanisa. Basi Jumapili moja pasta akatangaza majina yao, watu wakapiga makofi, na makofi yakampanda Phanuel kichwani. Akasimama, hakuna aliyemwomba, akasema mbele ya waumini wote kwamba pete za harusi yake hazitatoka dukani. Atazitengeneza kwa mikono yake, na zitakuwa za fedha.

Mideva alimkanyaga mguu, lakini alikuwa amechelewa. Kanisa lilishaimba.

"Sasa umejifunga," alimwambia walipotoka nje. "Na usiniletee brass siku ya mwisho. Brass inanigeuza kidole rangi ya sukuma wiki."

Kwa hiyo Phanuel akaenda Kawangware kila alipopata nafasi. Nyuma ya jengo la Kiragu alizikata filamu vipande, akazitia kwenye pipa la maji ya moto lenye kostiki, ile wanayopikia sabuni, akakoroga kwa mti mrefu huku amefunga kitambaa usoni. Weusi ukabanduka. Majina ya wagonjwa yakaenda nao, magoti yakafutika, mafuvu yakayeyuka yakiwa bado yanacheka. Plastiki zikabaki nyeupe pe, wanawake wa ploti wakazigombania za kuwekea madirishani. Chini ya pipa pakabaki matope meusi, laini, yenye uzito wa ajabu. Aliyasuuza na kuyasuuza tena mpaka kostiki yote ikaisha na yakawa salama hata kwa kidole cha mtoto.

Siku aliyotia filamu za mwisho, kabla ya kusuuza, Mideva alikuja na bahasha ya kaki mkononi. Phanuel aliijua bahasha ile kabla haijafunguliwa. Ndani yake mlikuwa na picha ya kifua cha Mideva, ya mwaka ule alioumwa mapafu, alipokuwa anakohoa mpaka majirani wanazima redio kusikiliza kama bado anapumua. Wingu jeupe lilikuwa limekaa upande wa kushoto. Phanuel alikuwa amelibeba lile wingu kwenye bahasha kutoka kliniki hadi nyumbani, na njia nzima alikuwa anaongea na Mungu kama mtu anayegombana na kondakta. Mideva alipona. Bahasha ikakaa chini ya godoro miaka yote hiyo, kwa sababu hakuna aliyejua mtu hutupa wapi kitu kama hicho.

"Weka na hii," Mideva akasema.

"Una uhakika?"

"Hii kitu ilinikalia kwa kifua. Sasa wacha ikae kwa kidole, mahali naiona."

Akaitumbukiza mwenyewe. Walisimama pale wawili, wakatazama weusi ukibanduka na kuzama na wingu likipotea nao, na Phanuel alimpenda mkewe saa ile kuliko siku nyingine yoyote. Hakusema, maana mdomo ulikuwa umefungwa kitambaa, lakini Mideva aliona macho.

Matope yale akayabeba kwenye ndoo hadi Kianda, kwa sababu Kiragu alitaka stoo ipakwe rangi upesi. Akaiweka ndoo chini ya kipenu, kando ya mlango, ikauke kidogo kabla ya kuyeyusha. Ijumaa angerudi nayo Kawangware kwenye moto, maana nani atawasha tanuru Kianda, ambako nyumba zinashikana kama meno? Jumamosi ni harusi. Mideva aliambiwa asiiguse. Kalekye wa mlango unaotazamana na wao aliambiwa asiiguse. Aliyebaki bila kuambiwa ni mmoja tu, na huyo Phanuel hakuruhusiwa kumwambia kitu.

Huyo alikuwa mama mkwe.

Mama Shiundu aliwasili Jumatano kutoka Vihiga na kuku wawili, mkungu wa ndizi, na adabu zote za kwao zikiwa hazijapungua hata moja njiani. Kwa adabu hizo, mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono. Hawasemezani ana kwa ana, na mama mkwe hakanyagi ndani ya nyumba anamolala mkwewe. Kijijini jambo hili halina taabu: kuna ua, kuna jiko la nje, kuna migomba ya kujificha. Jaribu kulifuata Kianda, ambako nyumba ni chumba kimoja na ujia una upana wa karai.

Wakampa kitanda kwa Kalekye, mwanamke mwenye roho safi na mdomo usio na breki. Phanuel na mama mkwe walipokutana kwenye ujia, mmoja aligeukia pembeni hadi mwingine apite. Kama kulikuwa na la kusema, lilitumwa kupitia vyombo.

"Wewe jiko," Mama Shiundu alisema akiwa amempa mgongo, "mwambie mkwe wangu chai imeiva."

"Wewe kamba ya nguo," Phanuel akajibu, "mwambie mama nashukuru."

Kalekye alicheka mpaka akajishika mbavu. "Nyinyi watu, si mnunue simu!"

Alhamisi Phanuel alikwenda kutafuta boraksi, unga mweupe wa kutenga taka na madini kwenye moto. Mideva alikuwa kibandani kwake Soko la Toi, akiuza nguo za watoto, na Kalekye alikuwa ametoka kuteka maji. Na Mama Shiundu, ambaye hajawahi kukaa siku nzima mikono mitupu tangu aachishwe ziwa, aliikagua nyumba ya bintiye kwa nje na akasikitika. Udongo ulikuwa umepasuka. Kona moja fito zilikuwa zinachungulia. Kwao, nyumba ya bibi harusi husiribwa upya kabla ya siku yenyewe, na anayesiriba ni mama.

Phanuel aliporudi alikuta watu wamesimama kwenye ujia wakiitazama nyumba yake. Akafikiri moto. Akasukuma, akapita, akaona.

Ukuta ulikuwa mzuri. Hilo lazima lisemwe, maana hata yeye mwenyewe lilikuwa la kwanza kumjia akilini. Juu ulikuwa umesiribwa udongo mwekundu, laini kama mkate. Chini, kutoka ardhini hadi usawa wa goti, ulivutwa mkanda mweusi uliozunguka nyumba, na ndani ya mkanda vidole vya mwanamke mwenye mkono wa uhakika vilichora mawimbi. Jua lilipoupiga, mkanda ule ulimeta.

Ndoo ilikuwa imeoshwa vizuri, imelazwa kifudifudi.

"Wewe kamba ya nguo," Mama Shiundu akasema kutoka mlangoni kwa Kalekye, uso pembeni, mikono myeusi hadi viwiko, furaha imemjaa hadi kwenye kilemba, "mwambie mkwe wangu asante kwa kuniwekea udongo mweusi. Nilikuwa nawaza nitaupata wapi kwa hii Nairobi, kumbe yeye ameshaniletea na hajasema kitu. Huyo ni mkwe anajua mambo. Na udongo wenyewe ni mzito! Sijawahi kushika udongo mzito hivyo, isipokuwa nikiwa msichana."

Majirani wakapiga vigelegele. Phanuel alisimama na boraksi yake mkononi. Pete zake zilikuwa ukutani. Kifua cha Mideva kilikuwa ukutani, kimechorwa mawimbi.

"Wewe kamba," akasema hatimaye, sauti ikitoka mbali, "mwambie mama… ni maridadi."

Mideva aliporudi jioni, Phanuel alimvuta ndani akamnong'oneza. Mideva alicheka kwanza. Alicheka akaziba mdomo kwa mto, akaanguka kitandani, miguu juu. Halafu, bila kupumzika, kicheko kikageuka na akawa analia kwelikweli.

"Ile picha yangu," akasema.

"Najua."

"Si tukwangue tu?"

"Mbele yake? Mama yako amesiriba nyumba ya harusi yako, halafu mimi nichukue kisu nimkwangulie kazi yake? Mimi, mkwe?" Phanuel alitikisa kichwa. "Huko kwenu wataimba hiyo kitu mpaka wajukuu wazeeke."

"Basi tumwambie."

"Umwambie nini? Ameharibu? Angalia vile amefurahi."

Nje, Mama Shiundu alikuwa akimweleza Kalekye jinsi mawimbi yanavyochorwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa kazi aliyoimudu. Mideva akajifuta macho.

"Sawa," akasema. "Brass."

Alilitamka neno hilo kama mtu anayemeza dawa ya minyoo. Phanuel aliona heri angemtukana.

Ijumaa asubuhi Mideva alikwenda kanisani kupanga viti. Phanuel akabaki ndani, mlango umefungwa, akipiga tupa kipande cha bomba la zamani la shaba, ile brass yenyewe. Kazi hii angeweza kuifanya amefumba macho, lakini leo tupa ilimteleza kila mara. Alikuwa na aibu ya mbele, ile ya kesho: pasta atauliza pete za fedha, kanisa litanyoosha shingo. Na chini ya aibu ile palikuwa na huzuni isiyohusu kanisa.

Kumbe Kalekye naye alikuwa akichambua mboga na mgeni wake, na ule mdomo usio na breki ulikuwa unateremka mlima.

"Ati silva ya kutoka kwa eksirei," alikuwa akisema. "Alikuwa na ndoo mzima, ya matope nyeusi. Hata alinikataza kuigusa. Sasa namsikia anapiga tupa brass, sijui ile ndoo alipeleka…"

Akautazama ule mkanda mweusi ukutani, akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa majirani kumsikia Kalekye akikatiza habari katikati.

Kisha Phanuel akasikia mkwaruzo. Ulitoka kwenye ukuta wenyewe, chini, pale anapoegemea: kwaru, kwaru, kijiko juu ya udongo.

"Wewe ukuta," ilisema sauti ya Mama Shiundu upande wa pili, "mbona hukuniambia umevaa pete ya mtoto wangu?"

Phanuel aliweka tupa chini.

"Nakuuliza wewe, ukuta. Nimekupaka na mkono yangu. Nikasema huu udongo ni mzito. Nikiwa msichana, kwetu Ikolomani, nilikuwa naosha mchanga wa dhahabu mtoni na mama yangu. Mimi najua uzito! Mkono uliniambia, mimi nikaambia mkono nyamaza, tuko na harusi. Na wewe ukuta ukakaa hivyo tu na adabu zako."

Phanuel alisogea akakaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta. Kati yake na mama mkwe palikuwa na udongo wa unene wa kiganja. Hawakuonana. Hawakugusana. Akawaza katika adabu zote alizofundishwa, akakuta hakuna hata moja iliyowahi kutaja jambo hili.

"Mama," akasema. Hakuita jiko wala kamba. "Nilishindwa kusema. Ulikuwa umefurahi."

Kijiko kikasimama.

"Ulipenda kupoteza silva kuliko kunipa aibu?"

"Ndiyo, mama."

Phanuel aliegemeza sikio ukutani. Halafu akasikia kitu kama kikohozi, kikakua, kikawa kicheko kikubwa cha mwanamke wa mlimani, kicheko cha kuita watu kutoka bonde lingine.

"Umeongea na mimi!" akasema Mama Shiundu. "Umeongea na ukuta haujaanguka!"

"Haujaanguka, mama."

"Basi niambie. Mideva anasema ulimbeba akiwa mgonjwa. Ni kweli?"

Phanuel akamwambia. Akamwambia habari za kikohozi, bahasha ya kaki, lile wingu, na jinsi alivyoogopa, mambo ambayo hakuwahi kumwambia hata mama yake mwenyewe. Mama Shiundu alikuwa anasikiliza huku anakwangua polepole. Phanuel alipomaliza, mwanamke yule alipenga kamasi kwa nguvu.

"Kalekye!" akaita. "Leta karai! Leta maji! Na wewe uliyemwaga siri, leta na kijiko yako!"

Ujia mzima ukaingia kazini. Wanawake walikwangua mkanda, wakaujaza kwenye ndoo, na Mama Shiundu akaketi juu ya kigoda, karai kati ya magoti, akaanza kuosha. Alilizungusha karai kwa namna ambayo Kianda hawajawahi kuona, kiuno kikienda nalo, akimwaga maji machafu kidogo kidogo kwa ukingo. Udongo mwekundu ukaondoka. Majivu aliyokuwa amechanganya yakaondoka. Chini pakabaki weusi ule mzito, umetulia, hautaki kwenda popote. Phanuel alitazama kupitia ufa wa mlango, maana kutoka nje hakuweza.

Sehemu moja tu Mama Shiundu alikataa iguswe: kipande cha mkanda kando ya mlango, upana wa shuka. "Nyumba ya bibi harusi haiachwi uchi kabisa," akasema.

Mchana ule walikwenda Kawangware, Phanuel mbele na ndoo, mama mkwe nyuma akiwa na Kalekye, umbali wa adabu kati yao. Nyuma ya jengo la Kiragu moto ukawashwa, na matope yakatiwa kwenye chungu pamoja na boraksi. Mama Shiundu aliketi nyuma ya mabati yaliyoegemezwa ukutani, akawa anauliza maswali kupitia tundu la msumari.

Kiragu alikuja kusimama hapo na kikombe cha chai. "Sasa mnachoma mifupa yangu?" akauliza.

"Ngoja, mzee."

Mkaa ukawa mwekundu, kisha mweupe. Boraksi ikayeyuka juu kama kioo chafu. Phanuel alikishika chungu kwa koleo, akakiinamisha juu ya jiwe, na taka zikatangulia. Halafu likatoka tone. Likafuatwa na jingine. Yakakimbiliana, yakashikana, yakawa kitu kimoja kizito cheupe kilichotetema juu ya jiwe kisha kikatulia.

Kiragu alikishusha kikombe. Macho yalimtoka pima.

"Ngai," akasema. "Hiyo ilikuwa kwa stoo yangu?"

"Mbuzi, mzee!" Kalekye akapiga kelele. "Sisi tulisikia habari ya mbuzi!"

Phanuel alikiacha kile kipande kipoe, akakiweka juu ya kigoda, akarudi nyuma na kugeuka. Mama Shiundu akatoka nyuma ya mabati. Akakiokota, akakipima kiganjani, na safari hii aliusikiliza mkono wake.

"Ni yenyewe," akasema.

Jumamosi, kanisa lililo upande wa mtaa wa Olympic lilijaa hadi nje. Pasta alipouliza pete, Phanuel alizitoa mfukoni, akazishika juu kidogo, maana sasa alikuwa na haki ya kuringa. Ya Mideva ilikuwa na doa jekundu ndani yake, dogo kama punje ya wimbi, chembe ya udongo ambayo moto haukuitoa. Usiku uliotangulia Phanuel alitaka kuitindua. Mideva alimnyang'anya pete kabla hajafika nayo kwenye tupa.

"Wacha hivyo," alikuwa amesema. "Hiyo ni mama."

Walipotoka nje, Kiragu alikuwa akiingia na mbuzi. Alikuwa amevaa suti, amekokota kamba kutoka Kawangware kama alivyoapa, na watu walikuwa wamemwangalia njia nzima. Kamba ilikuwa mkononi mwake, lakini mbuzi ndiye aliyekuwa anaongoza. Vigelegele alivyopigiwa vilishinda vya bibi harusi, na Mideva ndiye aliyevianzisha.

Kisha ikaja foleni ya kuwapongeza maharusi. Mashangazi wakawashika mikono, wajomba wakawashika mikono, Kalekye akawakumbatia akalia, akamtia Phanuel poda begani. Mama Shiundu alikuwa wa mwisho. Watu wa kwao wakatulia kutazama, kwa sababu hapa ndipo mama mkwe hupita akiwa amegeuza uso.

Mama Shiundu akasimama mbele ya mkwewe. Hakumtazama. Alifungua leso aliyojifunga, akaizungusha mkononi mwake mara mbili, akakaza. Kisha akanyoosha ule mkono uliofungwa.

"Hii leso ni ukuta," akasema. "Leta mkono."

Phanuel akautoa mkono wenye pete. Mama Shiundu aliushika kupitia kitambaa kwa mikono yake yote miwili, mikono ya kuoshea dhahabu na kusiriba nyumba, akaukamua mpaka pete ikamwuma. Phanuel alilia mbele ya kanisa zima na hakujali. Mama mkwe naye alikuwa analia, uso pembeni, akiuelekeza kwa mbuzi.

"Wewe mbuzi," akasema, "mwambie huyu ni mtoto wangu."